Kaneno "by" kamemponza mama wa watu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Mimi nina kaduka ka kuchapa na kutoa kopi hapa Busia upande wa Uganda, na nusu ya kazi yangu ni kuchapa, nusu nyingine ni kusomea watu barua zao. Mtu anapewa karatasi ya Kizungu huko maofisini anakuja nayo mbio, "dada nisomee hii, wanataka nini," na mimi namwambia kwa Kiswahili kwa sababu hapa mpakani Msamia, Mteso, Mganda na Mkenya wa ng'ambo tunasikilizana kwa hicho.

Sasa mwezi jana akaja mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni, ameshika notisi ya ada ya kibanda. Mistari mitatu tu, na kwenye ule wa pili imeandikwa "by 15th". Nikamwambia, mama, unatakiwa ulipe tarehe 15. Akaniuliza tena, "Kumi na tano yenyewe, mwanangu?" Nikasema ndio mama, yenyewe. Akafunga hela yake kwenye pindo la leso akarudi sokoni kungoja siku. Tarehe 15 ikaangukia Jumapili, mlango umefungwa, Jumatatu asubuhi na mapema ako pale wa kwanza kwenye foleni na wakamwambia amechelewa, alipe na faini ya shilingi 50,000 juu. Na hela alikuwa nayo siku zote hizo, ilikuwa imelala tu kwenye leso! Hakunigombeza hata kidogo, alikuja akaniwekea risiti mezani akasema hiyo ilikuwa ya madaftari ya mjukuu, akaenda zake.

Kosa lilikuwa langu na nimelifikiria sana. Ile "by" haikumaanisha siku ya tarehe 15, ilimaanisha tarehe 15 isipite kabla hujalipa. Leo unaweza, kesho unaweza, mradi siku hiyo isikupite. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hilo, tunasema kufikia tarehe fulani, isizidi, mwisho wake ni lini, sasa mbona sikuyatumia? Kwa sababu shuleni tulifundishwa "by" ni "na", barua imeandikwa na Juma, mwizi amekamatwa na polisi, ukapita mtihani ukaenda nyumbani ukijua umemaliza hilo neno.

Halafu wengi wanaotafsiri notisi wanakimbilia "mpaka", na hapo ndipo pana shimo lingine, tena refu kuliko langu. Mzungu ana maneno mawili, "by" na "until", na sisi yote mawili tunayatupia kwenye "mpaka" au "hadi". "Until" ni ya kitu kinachoendelea, nitakuwa hapa mpaka Ijumaa, yaani nipo nipo tu hadi siku hiyo. "By" ni ya kitu kinachotakiwa kiwe kimeshafanyika. Chukua notisi inayosema ofisi itafungwa, ikiandikwa "until Friday" ina maana imefungwa sasa na Ijumaa utaikuta wazi, ikiandikwa "by Friday" ina maana Ijumaa ikifika utaikuta imeshafungwa. Ni kinyume kabisa! Na mtafsiri akiandika "ofisi itafungwa mpaka Ijumaa" kwa zote mbili, mtu anapanda teksi kutoka Tororo Ijumaa asubuhi anakuja kukuta kufuli.

Na hako kaneno hakaishii kwenye tarehe. Ukisafiri "by bus" ni kwa basi, ukikaa "by the road" ni kando ya barabara, ukiwa "by yourself" ni peke yako. Kiwanja ndio hivyo, hapa Uganda kila anayeuza ardhi anataja 50 "by" 100, ni futi 50 kwa 100, na ekari moja ina futi za mraba 43,560 ndio maana wanasema unapata viwanja vinane na kibaki kipande. Lakini bei ikipungua chunga sana, maana "by" 2,000 ni kwamba wametoa 2,000 kwenye bei ya zamani, na "to" 2,000 ni kwamba bei yenyewe sasa ni 2,000. Nimeshachapa tangazo la duka mwenyewe amechanganya hizo mbili na nikamrudishia arekebishe kabla wateja hawajafika wakagombana naye. Sehemu nyingine Kiswahili hakihitaji neno lolote, kinarudia tu, mmoja mmoja, kidogo kidogo, na mimi hapo naona lugha yetu imemshinda Mzungu kwa uzuri.

Hata Wazungu wenyewe hawakuwa nayo hivi tangu mwanzo. Zamani maana yake kubwa ilikuwa karibu na, kando ya, hayo mengine yalikuja kuota juu yake. Ukifungua Biblia yao ya King James ya 1611, Mathayo sura ya 4, Yesu anaenda jangwani kujaribiwa "of the devil", leo wangesema "by the devil". Sisi tunasoma ajaribiwe na Ibilisi, basi.

Na si kila "by" ni ndugu wa hii. Kuna mzee aliniletea karatasi ya "by-laws", yaani sheria ndogo, za baraza akaniuliza kama ni sheria za kando, yaani si lazima kuzifuata. Nikamwambia mzee wangu hapana, hiyo "by" ilitoka kwa neno la watu wa kaskazini ya Ulaya la kuitia kijiji au mji, ni ile ile iliyo mwishoni mwa majina ya miji ya Uingereza kama Derby na Grimsby, kwa hiyo maana ya asili ni sheria za mji. Kwetu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ndiyo inayoyapa mabaraza ya chini nguvu ya kuzitunga, na ukizivunja unaadhibiwa.

Sasa ondoa kale kamstari katikati uone. Katiba yetu, kifungu cha 6, baada ya marekebisho ya 2005, inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka "by law". Hapo ni kwa sheria, sheria kamili ya Bunge, si sheria ndogo ya baraza. Hako kaneno kamoja ndiko kanakosema Kiswahili kitaingia kwa njia gani kwenye ofisi zile zile zinazotoa notisi, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi nafurahi sana, ila nawaomba walimu wasianze tena na ile ya "by" ni "na".

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Nyinyi mnachapisha matangazo ya kazi na ya minada kila wiki, tafadhali msiandike "mpaka tarehe fulani" peke yake. Andikeni mwisho wa kupokea ni lini, siku na tarehe pamoja, na saa. Siku pia muitaje vizuri, maana Mganda akisikia Jumatano anasikia tano, na tano yake ni Lwakutaano ambayo ni Ijumaa, anaweza akafika siku mbili nyuma ya wenzake.

Mama wa mukene nimemwomba msamaha. Nimemwambia karatasi yoyote atakayopewa ailete siku hiyo hiyo, sitamtoza kitu, nitamwandikia juu yake kwa kalamu nyekundu: mwisho Ijumaa, mlango unafungwa saa kumi na moja jioni.

Mchapaji wa barua,
Busia, Uganda