Sakafu niliyoitoboa

Swahiba,

Salamu nyingi. Mguu umeshapona? Mimi mzima, ila magoti yamekwisha kwa kupiga goti shimoni kutwa. Najua tangu uondoke kambini kwetu, kwenye uchimbaji wa mambo ya kale, sijakuandikia hata mstari mmoja, na leo nimekukumbuka kwa sababu nina shida. Bora niseme mapema usije ukadhani nimekuwa mwema.

Nimetoboa sakafu.

Mraba wetu ule wa nne, pembe ya kaskazini, pale ulipoachia. Jumatatu nilirithi mwiko wako nikajiona fundi. Udongo ulikuwa mkavu, wote rangi moja ya vumbi, nami nakwangua huku napiga soga na Kamusi (bado anaeleza kila kigae kama vile yeye ndiye aliyekifinyanga). Alasiri Profesa akatuambia tunyunyizie maji ukuta wa shimo kabla ya kuuchora. Maji yalipokolea, mstari ukajitokeza: mwekundu, mwembamba kuliko kidole, umenyooka kama uliopigwa rula. Ndiyo sakafu yenyewe: udongo ulioshindiliwa na nyayo za watu wa kale. Mimi nilikuwa nimesimama sentimita 10 chini yake.

Profesa hakufoka, na afadhali angefoka. Aliniuliza tu kama namjua Schliemann. Unamkumbuka? Yule aliyekuwa akiutafuta mji wa kale wa Troya, Uturuki, akapasua kilima cha Hisarlik kwa mtaro mkubwa kati ya 1871 na 1873, akapita katikati ya mji aliokuwa akiutafuta na kuubomoa. Ile dhahabu aliyoitangaza kuwa ya Priamo, mfalme wa Troya katika hadithi, ilitoka tabaka la zamani zaidi, kwa kama miaka elfu moja hivi. Basi jina langu sasa ni Schliemann. Hata mpishi ananiita hivyo, na sidhani anajua ni nani.

Kicheko nakivumilia. Kinachoninyima usingizi ni mfuko. Mfuko mmoja, namba moja, ndani yake vigae vya juu ya sakafu na vya chini yake vimelala pamoja kama ndugu. Na kuna kipande cha mkaa, kizuri, nilikitoa kwa ncha ya mwiko bila kukigusa kwa mkono, nikakifunga vizuri, nikajisifu. Sasa kina faida gani? Maabara watapima kaboni-14 yake, ile ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, watatupa tarehe. Lakini ni tarehe ya nini? Kama kilikuwa chini, nyumba ilijengwa baada yake. Kama kilikuwa juu, huenda ni moto wa mtu aliyepita wenyewe wakiwa wameshahama.

Fomu ya tabaka nimeiandika mara tatu. Ya kwanza nililaumu ukavu wa udongo, ya pili nikamlaumu Kamusi. Ya tatu inasema tu kwamba nilipita bila kuona, na kwenye lebo nimeandika "mchanganyiko". Neno hilo linauma kuliko Schliemann.

Kuna jema moja. Upande uliobaki sakafu ni nzima, na juzi tumeona juu yake duara la udongo mweusi, laini, upana wa kiganja. Tumechimba nusu yake tu, nusu nyingine tukaiacha isimame tuione kwa ubavu: shimo la nguzo, limechongoka chini. Jana mengine mawili, kwenye mstari mmoja. Kamusi anasema nyumba, mimi nasema ua, na hatusemezani tangu jana jioni. Ungekuwepo ungetuamua.

Sasa ombi langu. Daftari lako uliondoka nalo, na simu yako ina picha za siku ile ya mwisho. Zitume, zote, hata zenye kidole chako. Ulipoacha, ulikuwa umefika kina gani? Ulipima kutoka kigingi cha kona au ile kamba iliyolegea? Vigae vya siku yako ya mwisho uliviweka mfuko gani, maana kuna mmoja hauna lebo na kila mtu anaukana? Na uliponiambia pale "udongo unabadilika sauti" ulikuwa na maana gani? Hivi wewe, ulikuwa umeshaiona?

Ni mimi,
mwenzio wa mraba wa nne