Stika ya geti imekuwa kodi ya pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya stika. Ni kikaratasi cha kijani, hakizidi kiganja cha mtoto, kinabandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Katika jengo ninamopanga hapa Kisaasi, Kampala, ukiwa nacho askari anafungua geti. Ukiwa huna, wewe utalala ndani na gari lako litalala nje.

Nilihamia mwezi Februari. Dalali alichukua shilingi 20,000 zake za kunizungusha, akanionyesha fleti tatu za hovyo, ya nne nikaipenda. Vyumba viwili, ghorofa ya pili, maji yanatoka, na chini uwanja safi uliochorwa mistari myeupe yenye namba. Dalali akanyoosha kidole kutoka dirishani: "Fleti namba 7, pakingi namba 7." Nikalipa miezi mitatu, 900,000 kila mwezi, na mwezi mmoja wa dhamana juu yake. Jumamosi nikaja na pikapu ya vyombo, nyuma yake mimi na Premio yangu. Pikapu ikaingia. Mimi nikasimamishwa.

"Mzee, stika iko wapi?"

Stika ya nini tena? Askari akanieleza taratibu kwamba kamati ya jengo inawapa stika wenye fleti tu, yaani walionunua. Wapangaji hawapewi. Ni mtu wa Arua, na mimi nimekulia kambi ya jeshi Jinja, kote huko Kiswahili kinasemwa, kwa hiyo tulielewana haraka kwa Kiswahili huku nyuma yetu mtu anapiga honi. Nikamwambia mwenye fleti yangu yuko ng'ambo, kwenye kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, mwaka wa nne huu hajakanyaga hapa. Akacheka. "Ndiyo, na nafasi yake ile pale, inamngoja. Mimi nimetumwa tu, mzee."

Nikaangalia. Namba 7 ilikuwa tupu. Katikati yake kuna kopo la rangi lililojazwa saruji, limechomekwa bomba la chuma ili mtu asijisahau akaegesha. Mpaka leo ninapoandika, kopo lipo. Ninalipa kodi ya fleti namba 7, na kopo ndilo linaloegeshwa.

Basi mimi huegesha ng'ambo ya mtaro, karibu na kijana anayeuza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Huwa natoka kazini saa tano usiku, na saa hiyo nafasi nzuri za ukutani zimeshakwisha, kwa sababu hatuko mmoja. Wapangaji tisa wa jengo letu wana magari, na yote yanalala barabarani. Barabara yenyewe ni nyembamba, gari la maji taka likipita asubuhi lazima mmoja wetu aamshwe. Kijana wa rolex tunampa 2,000 kwa usiku atuangalizie. Hata hivyo mwezi Aprili, usiku mmoja wa mvua alipokuwa amejibanza chini ya turubai lake, kioo changu cha pembeni kiliondoka. Waya zilikatwa vizuri kabisa, kama za fundi. Nikaenda Kisekka, soko la vipuri vya magari, kutafuta kingine, nikapoteza nusu siku na 150,000.

Nilipoenda kwa kamati kulalamika niliambiwa kuna njia. Mpangaji anaweza kupewa "stika ya mgeni" kwa 100,000 kwa mwezi. Mgeni! Mtu anayelipa taa za ngazi, anayelipa askari, anayelipa uzoaji wa taka, naye ni mgeni.

Hapo ndipo penye hoja yangu, Mhariri. Sheria ya Uganda ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo: kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwangu mimi asilimia 10 ni 90,000. Mwenye fleti akinipigia simu leo aseme ameongeza 100,000, ninayo sheria ya kumjibu. Lakini laki hiyo hiyo ikipita getini, ikaitwa stika, ikapokelewa na mtu mwingine, hakuna anayeiita kodi. Hata nikikataa, zile 2,000 za kila usiku ni 60,000 kwa mwezi, karibu asilimia 7 ya kodi yangu, na vioo sijavihesabu. Jina limebadilika, mfuko unaotoboka ni ule ule.

Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa pango unaofika pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Wangu ni wa maandishi, kurasa nne. Unasema nisipige misumari ukutani bila ruhusa. Unasema nisifuge mbwa. Unataja hadi idadi ya funguo nilizopewa. Neno gari halimo. Nimeusoma mara tatu nikidhani limenipita.

Wanakamati nao wana lao, na nimekaa nao nikawasikiliza. Jengo lina fleti 24 na nafasi 16. Mjenzi ndiye aliyekosea, wao wamerithi hesabu isiyogawanyika. Zamani waliruhusu kila mtu, akaja mpangaji mmoja mfanyabiashara wa magari, akageuza uwanja kuwa bondi yake, yaani yadi ya kuuzia magari. Magari manne ya kuuza, yamefunikwa maturubai, wiki hata wiki. Mama mmoja mjamzito alishikwa na uchungu usiku na gari la kumchukua likashindwa kuingia. Kisa hicho hunyamazisha kikao kila kikitajwa, na kina haki ya kunyamazisha. Mimi mwenyewe ningekuwa kwenye kamati ningeleta stika.

Ila stika ingefuata fleti. Namba 7 ni ya anayelala namba 7. Tangu Sheria ya Kondominio ya mwaka 2001 mtu anaweza kumiliki fleti moja ndani ya jengo, na vitu vya wote, kama ngazi na paa, vikawa vya wenye fleti kwa pamoja. Sawa, umiliki ni wao. Lakini mwenye fleti akishapangisha, hapandi tena ngazi zile kila siku, ninazipanda mimi. Hakuna kamati iliyowahi kusema ngazi ni za wenye hati na mpangaji apitie dirishani. Kwa nini uwanja uwe tofauti? Na kama mwenye fleti anataka abaki na nafasi yake akiwa ng'ambo, abaki nayo, lakini asinipangishie kwa bei ya fleti yenye pakingi.

Binamu yangu anaishi London, nilimsimulia nikitegemea anionee huruma. Akaniambia kwao, mitaa kama Camden, halmashauri huruhusu majengo mapya kwa sharti kwamba wakaaji wake hawatapewa vibali vya kuegesha barabarani. Hawana gari, basi. Nikadhani amenishinda. Lakini alipoendelea nikaona tofauti: sharti linawekwa wakati wa kuomba kujenga, na anayehamia anatakiwa aambiwe mapema kwamba hapa ni pa watu wasio na gari, achague mwenyewe. Tena treni ya chini ya ardhi iko jirani. Mimi nikishuka kazini saa tano usiku nina boda au miguu.

Sitaki sana. Dalali anayeonyesha nyumba aseme ukweli juu ya geti kabla ya kupokea zake 20,000. Mkataba uwe na mstari mmoja: pakingi ipo au haipo, namba ngapi, na kama inalipiwa ni shilingi ngapi. Mstari huo ukisema haipo, nitauza Premio au nitatafuta nyumba kwingine, Kyanja au Najjera, na sitamlaumu mtu. Na ada yoyote ya kuegesha anayotozwa mpangaji ihesabiwe ndani ya ile asilimia 10, kwa sababu inatoka kwake kwa ajili ya kuishi pale pale. Wabunge waliokaa miaka kubishana juu ya pango wangeweza kulitazama na hili. Wengine wao, nadhani, wana fleti za kupangisha, kwa hiyo stika wanazijua vizuri.

Mkataba wangu unaisha Januari. Wiki iliyopita nilimpigia mwenye fleti, kwake ilikuwa asubuhi, nikamwambia sitatia saini mwingine bila mstari huo. Alishangaa. Alidhani muda wote huu naegesha namba 7. Nikamtumia picha ya kopo. Ameniahidi kuongea na kamati, na jana askari ameniambia kuna mtu alikuja kulipima lile kopo uzito, akajaribu kulisukuma, likamshinda, akaondoka.

Wako,
Mpangaji, Kisaasi, Kampala