Mpwa wangu, mtamba hana maziwa

Mwangaluka mpwa. Najua huko Dar mshasahau hata namna ya kuitikia, ila we itikia tu.

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili, nilidhani simu imeruka maneno. Eti "mjomba mbona mama anasema hajaona hata glasi ya maziwa na hela nilituma tangu mwezi wa pili". Ni kweli ulituma, na ng'ombe nikanunua, tena mzuri, mwekundu ana baka jeupe usoni. Ila rudi juu huko kwenye wasap usome ulichoandika mwenyewe: "ninunulie mtamba, mama apate maziwa". Mi nikajua kijana kasoma, anataka kuanza na ng'ombe mchanga amkuze taratibu. Kumbe neno umeliokota kwenye magrupu yenu ya ufugaji likakukaa vizuri mdomoni!

Mtamba ni jike ambaye hajazaa hata mara moja, yani bado mwali. Akishazaa umtamba umeisha, anaitwa mbuguma, na hili ndo neno nyie vijana hamlijui kabisa. Lipo kwenye kamusi ya Kiswahili, usidhani ni Kinyamwezi changu cha huku Urambo, ingawa mi mwenyewe nililisikia kwanza kwa bibi yako. Jioni alikuwa anasimama mlangoni pa zizi anahesabu, na hasemi ng'ombe kumi na tatu, anasema mbuguma watano, mitamba watatu, maksai wawili, ndama wawili, halafu fahali anamtaja mwisho kabisa kama vile kamkumbuka tu. Mmoja akipotea porini alikuwa anajua ni wa aina gani kabla hata hajaambiwa ni yupi.

Siku hizi mnadani hulisikii, dalali atakwambia "jike la maziwa" basi, na si kitu kimoja hicho, maana mbuguma anaweza kuwa kakauka hana ndama hana tone la maziwa na bado ni mbuguma. Kwa hiyo we ungeandika "mbuguma anayenyonyesha", tungeelewana siku ile ile. Wingi wake haubadiliki, mbuguma mmoja, mbuguma kumi. Mtamba ndo anageuka mitamba, ila usije ukasema mitamba mizuri kama unasifia mikeka, ni mitamba wazuri, wana roho wale.

Na usidhani nilibambikwa. Nilimfungua mdomo mwenyewe. Ng'ombe mbele juu hana meno, ana ufizi mgumu tu, unaangalia ya chini, yako manane. Huyu wako mawili ya katikati ndo ya ukubwa, mapana, ya pembeni bado ya utoto, hapo ana kama miaka miwili na kitu. Chuchu zake ndogo kama ncha ya kidole changu kidogo. Pembe laini haina pingili, maana mbuguma akizaa pembe inajiwekea alama na wazee wanazihesabu kwa kupitisha ukucha, japo nshakutana na pembe iliyopigwa msasa mpaka inang'aa, bibi kizee anauzwa kama binti.

Halafu kuna hii nyingine ya kutaka nikutafutie "fahali wawili wa kulimia". Mpwa jamani. Wa plau ni maksai, waliohasiwa, ndo wanatulia chini ya nira. Mafahali wawili nikiwaweka kwenye kazizi kangu haka, asubuhi ntakuta miti tu.

Sasa mtamba wako kapandwa na fahali wa jirani wiki iliyopita, hesabu miezi tisa na siku kadhaa, ikiwa imeshika. Na huyu ni wa asili, wa nundu, hata akizaa usitegemee ndoo, ni lita moja mbili hivi na ndama naye anadai zake. Mama ako nampelekea chupa kutoka kwa mbuguma wangu kila asubuhi, sema hakwambii maana anajua ukisikia utaacha kutuma ya sukari.

Tuma hela ya dawa ya kuogeshea. Kupe wa mwaka huu hawana adabu kabisa, jana nimemtoa mmoja sikioni mwa huyo binti yako, mkubwa kama punje ya kunde.

Mjomba ako.