Saiti zetu zisifungie mlango brauza mpya

Mhariri,

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia kwa saiba yangu hapa Kayole kujazia kijana wake fomu ya basari, ametoka Njiru na mvua, karatasi zote amezifunga kwa nailoni. Tukajaza kila kitu, jina, shule, namba ya kitambulisho, kufika chini kabisa kitufe cha kutuma hakibonyezeki, kimekuwa kijivu, na juu yake maandishi mekundu ati tutumie brauza ya Chrome. Mimi natumia Firefox juu kompyuta zangu ni za zamani na nimeona nayo hazikwami sana. Nikaingia kwa mipangilio nikabadilisha lile jina brauza hujitambulisha nalo ikifika kwa saiti, ikajiita Chrome, tukajaza upya, fomu ikaenda hapo hapo. Brauza ile ile, kompyuta ile ile, kilichobadilika ni jina tu.

Hiyo kitu imeniuma kwa sababu nafuatilia sana wale watu wa Ladybird wanaojenga injini ya brauza, ile sehemu ya ndani inayosoma saiti na kuichora kwa skrini, kuanzia sufuri, na naona ni sisi tutawazika kabla hawajazaliwa.

Watu hudhani brauza ni nyingi. Ukiangalia ndani, injini kubwa ni tatu tu: Blink ya Google, ambayo ndiyo iko ndani ya Chrome, Edge, Opera na Brave, halafu WebKit ya Apple, halafu Gecko ya Firefox. Na Blink yenyewe ilizaliwa na WebKit 2013, kwa hivyo hata hizo mbili ni watu wa nyumba moja. Opera walikuwa na yao, Presto, wakaiacha mwaka huo huo. Microsoft na pesa zote walizo nazo wakatangaza Desemba 2018 wanahamia Chromium, msingi wa Chrome wenye hiyo Blink. Saiti zilikuwa zinatengenezwa zikiangalia injini za wengine, wao wakabaki kukimbiza tu mpaka wakachoka.

Sasa Andreas Kling, Mswidi aliyewahi kufanya kazi ya WebKit pale Apple, alianza 2018 kujiandikia mfumo mzima wa kompyuta, SerenityOS, ukahitaji brauza akaiandika pia. 2024 akaachia wengine ule mfumo akabaki na brauza, wakaunda shirika lisilo la faida, na Chris Wanstrath, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, saiti ya kuwekea misimbo ya programu, akaahidi dola milioni 1. Mozilla, wenye Firefox, hupata sehemu kubwa ya pesa zake kutoka kwa Google ili utafutaji uende huko, hawa wamesema mkataba kama huo hawautaki. Hapo ndipo walinishika moyo.

Na kazi si ndogo. Chukua mstari mmoja tu wa maandishi: ukifika pembeni ukatwe wapi, picha ikiingia katikati maneno yaizunguke vipi, na aya ya Kiarabu inayoanzia kulia ikiwekwa ndani ya Kiswahili ifuate upande gani. Saiti iliyoandikwa vibaya mwaka wa 1999 pia lazima ifunguke, kwa hivyo hata makosa yana kanuni zake za kufuatwa. Mtu afanye yote hayo miaka na miaka, halafu afike kwa fomu ya Nairobi aulizwe jina!

Chrome yenyewe ilipitia hii. Mpaka leo ikijitambulisha kwa saiti inataja Mozilla, AppleWebKit, KHTML, Gecko na Safari, majina ya brauza na injini zilizoitangulia, kabla ya kumaliza, juu ya kuogopa kufungiwa mlango na saiti za zamani.

Kwa hivyo nyinyi mnaotengeneza saiti hapa mjini, nawaomba, msiulize jina, angalieni kama brauza inaweza ile kazi. Fungueni na Firefox kabla hamjamkabidhi mteja. Ofisi za umma ziandike hivyo kwa mkataba. Na wanafunzi wa kompyuta, badala ya kila mwaka mradi ni mfumo wa kubuku hosteli, mnaweza kuchukua kosa moja la Ladybird ama la Servo, injini nyingine inayojengwa, mkalirekebisha, misimbo yote iko wazi.

Ile ofisi ya basari inajijua. Fomu zinafungwa mwisho wa mwezi, toeni hicho kizuizi wiki hii, kuna wazazi wako kwa saiba ambazo hakuna mtu anajua kubadilisha jina.

Mwenye saiba,
Kayole, Nairobi