Sabufa Inanguruma Ukichomeka Intafesi? Soma Kabla Hujaturudishia Mzigo

Neno tunalolisikia sana kaunta siku hizi ni "nimepigwa". Mteja kanunua intafesi ya USB ya bei ya chini, kile kiboksi cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta, kaichomeka kwenye laptop, kaiunganisha na sabufa ya sebuleni, na sabufa inanguruma mmmmm mfululizo, hata wimbo ukiwa umesimamishwa. Anarudi na boksi lake na madai mawili: mzigo ni feki, na Kariakoo unauzwa nafuu. La pili ni kweli, Kariakoo hawalipii basi la kuja Dodoma. La kwanza tunalipima palepale mbele yake kwenye ampu ya dukani, na karibu kila mara kiboksi kinaimba safi.

Mngurumo ule ni umeme wa ukutani. Umeme wetu ni volti 230, unageuka mara 50 kwa sekunde, na ukipata upenyo kwenye waya wa sauti ndivyo unavyosikika: mvumo mzito usiopanda wala kushuka. Mara nyingi upenyo huo ni chaja ya laptop. Ndani ya chaja kuna vipitishio vidogo vya kuzuia kelele za umeme, navyo huvujisha mkondo kidogo sana kwenda kwenye bodi ya laptop. Ikiwepo ethi, yaani waya wa soketi unaokwenda ardhini, mkondo huo unashuka humo. Ethi isipokuwepo, unatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ganda la nyuzi za chuma ndani ya waya wako wa sauti hadi kwenye sabufa. Wale wenye laptop za bati wanalijua hili kwa vidole: ukiipapasa ikiwa kwenye chaja unahisi kama inakutekenya.

Sasa angalia majumbani mwetu. Soketi zina matundu matatu, lakini watu wanachomeka chaja za pini mbili kwa kusukuma tundu la juu na kalamu. Ekstensheni nyingine za sokoni zina tundu la ethi ambalo ndani halina waya wowote. Halafu kuna fimbo ya ethi yenyewe. Dodoma mvua inakata mwezi wa nne au wa tano na hairudi mpaka karibu na Desemba, udongo unakauka kama unga, na fimbo fupi iliyopigwa kwenye udongo mkavu haishiki ardhi inavyotakiwa. Fundi umeme aliyekuambia futi mbili zinatosha alikuwa anawahi kazi nyingine.

Kabla hujapanda bodaboda kuja kutugombeza, fanya hivi. Acha muziki usimame, chomoa chaja, laptop ibaki kwenye betri. Mngurumo ukikata, kiboksi ni kizima, shida ni chaja na ethi. Usipokata, shusha kitufe cha sauti cha intafesi hadi sifuri. Ukiendelea vilevile, kagua waya unaokwenda kwenye sabufa, au sabufa yenyewe. Na kama nyuma ya sabufa umechomeka pia king'amuzi chenye dishi, chomoa waya wa dishi usikilize, kwa sababu dishi nalo huleta njia yake ya ardhini.

Njia ya mkato ambayo vijana wanafundishana ndiyo inayonikera kuliko zote: kukata pini ya ethi kwenye plagi ya ampu. Ndiyo, mngurumo unaweza kukatika. Kaka mmoja wa Nkuhungu alifanya hivyo na akaja kutusimanga kwamba amepata bure kile tulichotaka kumtoza. Baadaye waya wa moto ndani ya ampu ulilegea ukagusa bodi. Ethi ingekuwepo, fyuzi au swichi ya ukutani ingekata. Haikuwepo, basi bodi nzima ikawa na umeme, na mke wake alipopitisha kitambaa kufuta vumbi ikamtupa chini. Alipona, tunashukuru Mungu. Ampu ililetwa kwetu, plagi mpya, waya mpya, transfoma nayo imekwenda, na bili ikazidi mara kadhaa ile bei ya kitenganishi aliyoikataa. Kitenganishi ni kiboksi chenye transfoma ndogo mbili, kinakaa kati ya intafesi na sabufa, sauti inapita, mkondo wa ardhini haupiti. Vipo vya bei ya chini sana vinavyokula besi yote. Hatuuzi hivyo, na ndiyo maana vyetu vinaonekana ghali.

Wa pili kwa wingi ni wale wa "sauti ndogo halafu inachuja shshshsh". Hapa hakuna umeme mbaya, ni vitufe tu. Mtu anaweka kompyuta asilimia 40, intafesi robo, halafu sabufa anaizungusha hadi mwisho, na sabufa inakuza mchujo wake yenyewe. Fanya kinyume: kompyuta 100, intafesi robo tatu, kisha sabufa ndiyo uitumie kupandisha na kushusha. Ila ukisikia inakwaruza, punguza intafesi. Intafesi zenye matundu ya jeki kubwa zimetengenezwa kwa vifaa vya studio, ambavyo kiwango chao cha kawaida ni volti 1.23, ilhali redio ya nyumbani inategemea volti 0.316, karibu robo yake.

Na tafadhali, waya wa kompyuta uende AUX au LINE. Mzee mmoja wa Area D ana ampu ya Pioneer ya zamani, chombo kweli kweli, na mjukuu wake aliuchomeka kwenye PHONO kwa kuwa tundu lilikuwa wazi. Tundu lile ni la sahani za santuri: hukuza sauti mara 50 hadi 100 na kuongeza besi juu yake. Spika zilikuwa zinatapika. Tulihamisha waya mmoja, mzee akauliza ukaguzi ni bei gani, tukamwambia, akauliza kwa dakika mbili? Mzee wetu, unalipia kujua ni waya upi.

Turudi kwenye ubora, maana ndipo watu wanapotapeliwa hasa, kwa kuambiwa wanunue kubwa zaidi. Kiboksi kidogo kama Behringer UCA202 kinatoa sauti ya biti 16 hadi kilohezi 48. Sidii ni biti 16 kwa kilohezi 44.1. Maana yake kinaweza kubeba kila kilichomo kwenye sidii, na sabufa yako ya spika mbili za plastiki itaishiwa pumzi kabla yake. Kama nyimbo zako ni MP3 zilizobanwa hadi kilobiti 128 na kupita kwenye flashi tano, intafesi ya laki sita haitarudisha kilichokwisha kukatwa. Hela hiyo nunua spika.

Udhaifu wa bei ya chini upo, hatuufichi. Uko kwenye maiki, ambako ukipandisha sana unasikia mchujo, na kwenye hedifoni zinazohitaji nguvu kubwa. Intafesi zenye taa nyingi na vitufe vya kicheko na makofi ni za kurusha laivu. Kusikilizia muziki sebuleni hatumshauri mtu.

Kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta, kiboksi kilekile cha bei ya chini kinatosha. Mama mmoja alituletea kanda za baba yake, ngoma za Kigogo zilizorekodiwa Chamwino, na alipofungua faili akasema tumeziharibu, kuna mlio wa zzzz kila ala inapopigwa. Tulimwomba asikilize vizuri: mlio huo unakuja na noti, noti ikifa nao unakufa. Umeme haufanyi hivyo. Ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hutobolewa tundu na kuwekewa utando wa buibui makusudi ili ilie hivyo. Akampigia shangazi yake aliyeko kijijini, akaweka spika ya simu, na shangazi akacheka mpaka wateja wengine wakageuka. Kazi ile tuliirudia sehemu moja tu, kwa sababu kanda ilikuwa imejikunja, na hatukutoza.

Ukaguzi wa nyumbani mjini ni 15,000. Mtumba na Ihumwa unaongeza nauli. Ukinunua waya au kitenganishi kwetu siku hiyo, tunakata hiyo 15,000. Waya wa RCA, ule wa sauti wenye vichwa vyekundu na vyeupe, tunaulehemu wenyewe, ganda la chuma limefumwa na halijasokotwa kwa selotepu, na ukikatika ndani ya mwaka tunaunga bure. Ukija dukani njoo na chaja, waya na ekstensheni unayotumia nyumbani, siyo kiboksi peke yake.