Wapangaji wa nyumba moja waandike barua moja

Ndugu Mhariri,

Hapa Kigoma mpangaji akidai peke yake choo kitapishwe au bati libadilishwe, hujibiwa kuwa chumba kina wateja. Tunawasihi wapangaji wa Mwanga, Gungu na Katubuka wadai kwa pamoja.

Kagueni chumba kwa chumba, mpige picha, kisha andikeni barua moja yenye sahihi za wote. Nakala ziwe tatu: ya mwenye nyumba, ya ofisi ya mtaa, na yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, baadaye mtaambiwa hamkuwahi kulalamika.

Umoja huvunjikia kwenye tarehe za mikataba. Wa kwanza kuisha muda ndiye anayenyimwa mkataba mpya, wengine wananyamaza. Basi anayehuisha mkataba aombe miezi mitatu au minne badala ya sita, hadi mikataba yenu yote iishe mwezi uleule.

Hesabuni na LUKU. Kodi ya jengo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa mnaponunua umeme, nayo ni deni la mwenye nyumba. Kwa mwaka ni Sh 18,000. Tunzeni ujumbe wa kila manunuzi, na makato hayo yaandikwe kwenye mkataba.

Msigome kulipa pango. Mtakuwa mmempa sababu ya kuwatoa. Nendeni Baraza la Kata, ambalo lina siku 30 za kusuluhisha. Likishindwa, shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wapangaji, Mwanga, Kigoma