Barua kwa Zainabu kuhusu vidonge vya lehemu

Tanga,
14 Juni 2025

Mpendwa rafiki yangu Zainabu,

Salamu nyingi kwako na kwa baba watoto. Barua yako imenifikia, nami nimeirudia pale ulipoandika kwamba daktari amekuanzishia simvastatini, dawa ya kupunguza lehemu (kolesteroli) katika damu, ya miligramu 20 juu ya amlodipini unayomeza kwa ajili ya shinikizo la damu, na kwamba jirani anakushawishi uiache kwa kuwa eti inakula ini. Mimi niliyezeeka katika duka la dawa naomba unisikilize kabla ya jirani.

Simvastatini huzuia kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu, kazi inayofanyika zaidi usiku, na kwa kuwa simvastatini haikai sana mwilini ndiyo maana umeambiwa uimeze jioni. Ukisahau, usimeze viwili kesho yake. Madhara makubwa ya ini ni nadra.

Linalonitia hofu hasa ni dawa nyingine zitakazokutana na kidonge hicho. Simvastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi nyingine, na kimeng'enya hicho kikizuiwa, dawa hujaa katika damu hadi ikaumiza misuli. Amlodipini huongeza kiasi chake, hivyo ukiwa unaitumia, simvastatini haipaswi kuzidi miligramu 20 kwa siku. Asitokee muuzaji akakupa ya 40 kwa sababu ya 20 imekwisha. Antibayotiki za erithromaisini na klarithromaisini hazichanganywi na simvastatini kabisa, wala dawa za fangasi, itrakonazo na ketokonazo ya kumeza, wala dawa za VVU zenye ritonaviri. Unajua jinsi mtu anavyoingia dukani akikohoa na kutoka na antibayotiki bila kuulizwa swali hata moja, jambo linaloniudhi sana. Wewe itaje simvastatini hata usipoulizwa. Machungwa matamu ya Muheza kula bila wasiwasi, lakini balungi na maji yake uviache, kwa maana nalo huzuia kimeng'enya kilekile.

Ukiumwa misuli bila kufanya kazi nzito, mweleze daktari, kwa kuwa anaweza kupunguza kipimo au kukubadilishia dawa. Lakini maumivu yakiwa makali, mwili ukalegea, na mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi, usimeze tena na uende hospitali siku hiyohiyo, kwani misuli inayoharibika huweza kuziumiza figo. Pasipo dalili hizo, usiiache kimyakimya kwa kuwa hujisikii mgonjwa. Lehemu iliyozidi haina maumivu, nayo huendelea kujijenga katika mishipa ya moyo na ya ubongo.

Ukipimwa damu tena, nitumie majibu pamoja na orodha ya kila unachomeza, mitishamba ya shangazi ikiwemo, ili niipitie kabla hujamwona daktari.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi